Misingi ya Elimutegemeo: Mhadhara wa Kwanza kwa Wasio na Uhakika wa Kesho

Mwanafunzi wangu, keti. Fungua daftari ukurasa mpya, andika tarehe juu kulia, kisha upige mstari kwa rula. Nitakayoyasema hapa yataulizwa kwenye mtihani. Kama si mtihani wangu, basi ule mwingine.

Taaluma ninayokufundisha leo sikuirithi kwa mtu. Nimeiasisi mwenyewe nikiwa nimeketi kwenye kibaraza cha nyumba yangu hapa Tanga, kwenye njia panda ambayo kila mwenye shida hana budi kuipita: anayekwenda hospitali, anayetoka benki, anayemkimbia mwenye nyumba, anayemtafuta fundi. Vyuo vikuu bado havijaifungulia idara. Sivilaumu. Elimu ya nyota nayo ilianza na watu waliokaa nje usiku huku wake zao wakiwaita ndani. Wasomi wenzangu wanachunguza mwendo wa sayari na magonjwa ya minazi. Mimi nachunguza kinachompata binadamu katika muda ule mfupi baina ya kusema "nimemwachia Mungu" na kuchungulia simu. Mwenye kuuelewa muda huo hatasumbuliwa na sayari.

1. Istilahi na mipaka yake

Elimutegemeo ni taaluma inayochunguza, kupima na kuainisha jinsi mja anavyomtegemea Mola wake wakati mambo yamekwenda mrama na kesho haina sura. Pigia mstari maneno "yamekwenda mrama". Kosa la kwanza la wanagenzi ni kukusanya data kwa watu walioshiba. Mtu aliyepokea mshahara jana anaweza kuwa na imani, tena nzito, lakini tegemeo hana pa kuliweka. Tegemeo halisi huanza kujitokeza tarehe ishirini na kitu, vuli imechelewa, matokeo ya kidato cha nne yanasemekana yatatoka "wiki hii", na daktari amesema tusubiri vipimo. Hapo ndipo mtafiti anachonga penseli.

Kipashio kidogo kabisa cha tegemeo nimekiita tawakalimu. Wanaisimu wana fonimu na mofimu zao, wala sioni kwa nini sisi tukose. Tawakalimu ni tamko moja lisilogawanyika ambalo kwalo msemaji huihamisha shida kutoka kichwani mwake na kuipeleka juu: inshallah, Mungu akijalia, panapo majaliwa, ipo siku, Mungu yupo, Mungu mbele. Kila tawakalimu hutanguliwa na mguno, ambao mwanagenzi mvivu huuacha bila kuuandika. Mguno wa kushuka huashiria kukubali. Mguno wa kupanda huashiria shaka. Mguno unaokatikia katikati huashiria kwamba mtafitiwa amekumbuka deni jingine.

Hebu tuichambue "Mungu mbele" kidogo, maana wengi wameipita bila kuisabahi. Tawakalimu hii hupatikana zaidi kwenye vyombo vya usafiri, na mahali inapoandikwa mara nyingi ni kioo cha nyuma. Zingatia hali hiyo. Tamko linalohusu mbele limeandikwa nyuma, ambako dereva halioni. Wanaolisoma ni waliomo kwenye gari linalofuata, na kwao Mungu huyo wa mbele amekingwa na basi zima lililojaa abiria. Nimelitafakari jambo hili misimu miwili ya masika bila kupata jibu. Nimeliita Kitendawili cha Kioo cha Nyuma, na ninakuachia uliendeleze katika shahada ya uzamili.

Kuna pia Swali la Athumani. Wahenga walisema Mungu si Athumani. Wanafunzi wangu hucheka wanapofika hapo, mimi sicheki. Kwa mtazamo wa kitaaluma, hilo ni fasili kwa njia ya kukanusha: inatwambia Mungu si nani, halafu inakaa kimya kuhusu Athumani mwenyewe. Alifanya nini? Alimsahau nani? Alimwahidi nini mtu mwenye shida asikitimize, mpaka jina lake likawekwa kwenye methali kuwa kinyume cha Mwenyezi? Nimewahoji akina Athumani wote wa mtaani kwetu, mmoja baada ya mwingine. Wote wamekana. Mmoja alinifungia mlango, na hiyo nayo nimeiandika kama data.

2. Watangulizi na upungufu wao

Sidai kwamba kabla yangu palikuwa patupu. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika kazi kubwa yenye vitabu 40, Ihya Ulum al-Din, na kitabu cha 35 alikitenga kwa tauhidi na tawakali. Humo alipanga daraja tatu. Katika daraja ya kwanza, mja humtegemea Mungu kama mtu anavyomtegemea wakili wake mbele ya kadhi. Katika ya pili, ni kama mtoto mchanga kwa mama yake: hamjui mwingine, na akishtuka humkimbilia huyo huyo. Katika ya tatu, ni kama maiti mikononi mwa mwoshaji, anayegeuzwa huku na huku bila kuwa na lake.

Ni kazi nzuri kwa wakati wake. Lakini daraja tatu tu? Mimi peke yangu, pale kibarazani, siku moja ya Jumamosi, nilipata tano kabla ya adhuhuri.

Kuhusu daraja ya kwanza nina nyongeza ambayo, ingawa nasema mwenyewe, itaacha alama. Neno tawakali, neno wakili na neno wakala yote yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, wenye maana ya kumkabidhi mtu jambo lako alisimamie. Kwa hiyo kila unapokwenda kwenye kibanda chenye mwavuli ukampa wakala noti zako azitume kijijini kwa simu, kwa mujibu wa mzizi, unatawakali. Sasa mtazame mteja pale kibandani. Amekabidhi pesa, lakini haondoki. Amesimama juani, macho kwenye kioo cha simu, mpaka ujumbe uingie, kisha ampigie mama kijijini kumwuliza kama na kwake umeingia. Hii nimeiita Tawakali ya Risiti. Uchunguzi wangu unaonyesha kwamba waja wengi humkabidhi Mungu mambo yao kwa namna hii hii: wamekabidhi, lakini wamesimama palepale kibandani.

Daraja ya maiti ina tatizo jingine. Maiti hasubiri majibu, na maiti hana kundi la familia kwenye simu linalouliza "vipi, kuna jipya?" Halafu Waswahili tumeshasema mwosha huoshwa, kwa hiyo mfano huu unaleta mlolongo wa waoshaji usio na mwisho. Imamu, naamini, angelikubali hoja yangu kama angelikaa hapa kibarazani.

Mtangulizi wa pili ni hadithi mashuhuri iliyomo katika mkusanyo wa Tirmidhi: mtu alimwuliza Mtume kama amfunge ngamia wake kisha atawakali, au amwachilie kisha atawakali, akaamriwa amfunge, ndipo atawakali. Karne nyingi wasomi wameridhika na jibu hilo. Mimi nimeona mlango ulioachwa wazi. Afunge kwa kamba ya urefu gani? Fundo lipi? Na ikiwa mja ni wa Tanga, ambako chombo ni ngalawa na mnyama ni bodaboda, nanga ya kilo ngapi inatosha kuitwa tegemeo, na kuanzia kilo ngapi inakuwa shaka? Suala hili lote nimelipa jina la Tatizo la Kamba, na tutalirudia tutakapofika kwenye aina.

Kwa ukamilifu nitaje pia chimbuko la kihistoria la tegemeo la pwani. Kwa karne nyingi majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi yaliletwa huku na kaskazi, kuanzia kama Novemba, yakarudishwa na kusi, kuanzia kama Aprili. Aliyekosa upepo wake alibaki ugenini mpaka ugeuke tena. Hakukuwa na wa kumlalamikia. Kwa hiyo nahodha wa hapa hakumtegemea Mungu kwa jumla. Alimtegemea kwa majira, na katika kungoja huko alikaa ufukweni akishona tanga lililochanika. Hiyo habari ya kushona haina umuhimu kwa utafiti wetu. Nimeitaja kwa ajili ya kupamba.

3. Uchambuzi wa Inshallah

Hapa, mwanafunzi, kaa wima.

Qurani, katika Sura ya 18, yaani Sura ya Pango, na Waraka wa Yakobo, katika sura ya 4, zinakubaliana: mtu asitangaze atakachofanya kesho bila kukifunga kwenye utashi wa Mungu. Yakobo anawalenga hasa wale wanaopanga kwenda mji fulani, wakae mwaka, wafanye biashara, wapate faida. Sura ya Pango haibagui shughuli. Fundi cherehani, kwa hesabu yangu, ameguswa na vitabu vyote viwili.

Tawakalimu hii ina alotawakali nne, yaani sura nne za tamko lile lile.

Ya kwanza ni Inshallah ya Yakini. Ni fupi, inashuka mwishoni, na msemaji anakutazama usoni. Ni adimu. Niliisikia mara ya mwisho kwa mvuvi.

Ya pili ni Inshallah ya Adabu, inayosemwa kama tunavyosema asante. Haina uzito wowote wa kisayansi.

Ya tatu ni Inshallah ya Kukatalia. Irabu ya kati hurefushwa, shingo huelekea begani, kiganja cha kulia hupanda kifuani. "Utakuja kwenye kikao cha harusi na mchango wako?" "Inshaaallah." Mgeni kutoka bara anaweza kununua viti kwa kulitegemea jibu hili. Mpwani hanunui hata soda. Inshallah ya tatu ni hapana iliyovaa kanzu, na uzuri wake ni kwamba aliyekataa hakukataa, aliyekataliwa hakuaibika, na Mungu ndiye aliyebebeshwa lawama bila kuulizwa.

Ya nne ndiyo kilele cha taaluma yetu: Inshallah ya Fundi. Si ndiyo wala si hapana. Nilipata bahati ya kuichunguza kwa ukaribu nilipompelekea fundi kitambaa cha suti kwa ajili ya harusi ya mpwa wangu. Nilikipeleka mwanzoni mwa Rajabu. Harusi ilikuwa katikati ya Shaabani. "Njoo Alhamisi, inshallah," alisema, akiwa na pini mdomoni, jambo ambalo liliathiri matamshi lakini si maana.

Alhamisi nilikuta kitambaa kimekatwa. Usiipite hatua hii haraka. Kitambaa kilichokatwa hakihamishiki kwa fundi mwingine. Fundi ameshamfunga ngamia, na ngamia ni mteja. Alhamisi iliyofuata shida ilikuwa umeme. Iliyofuata, suruali ilikuwa tayari imebaki pindo tu. Iliyofuata, koti limebaki mikono tu. Nilimwuliza kwa utulivu wa kitaaluma koti lisilo na mikono linaitwaje. Akanijibu, "Mzee wangu, subira yavuta heri. Alhamisi, inshallah."

Harusi niliihudhuria kwa kanzu. Lakini utafiti ulipata faida kubwa, kwani niligundua kwamba Alhamisi ya fundi haimo katika juma. Inakaa nje yake, mahali fulani baada ya Ijumaa zote. Na hapa nakuomba utazame jambo la ajabu: wateja hawakomi kurudi. Wanamkasirikia, wanarudi. Mtu ambaye hawezi kumsubiri Mwenyezi Mungu wiki mbili bila kuuliza "mbona mimi?" anamsubiri fundi miezi mitatu, tena anamletea kitambaa kingine.

4. Aina za wategemezi

Aina A: Mtegemezi Kamba-Sifuri. Huyu hakufunga chochote. Paa linavuja tangu masika ya mwaka juzi. Anasema Mungu ndiye mleta mvua, na ndiye ajuaye inapopaswa kudondoka. Ajizi nyumba ya njaa, na kwake ni nyumba ya ndoo pia. Hana mengi ya kuchunguzwa kwa sababu hatembei.

Aina B: Mtegemezi Kufuli. Kinyume chake. Huyu amefunga ngamia kwa kamba tatu, akatia mnyororo, akaajiri mlinzi, akaajiri mlinzi wa kumlinda mlinzi, kisha akaja kibarazani akashusha pumzi: "Basi, mengine namwachia Mungu." Nikamwuliza yapi. Akafikiri sana. Mfano wake wa kale ni wale wana wa Israeli jangwani waliopewa mana ya siku moja wakaambiwa wasilaze. Wengine wakalaza, na kulipokucha ilikuwa imeingia mabuu na kunuka. Ni siku ya sita tu waliporuhusiwa kukusanya maradufu, kwa ajili ya Sabato. Kwa bahati mbaya kitabu cha Kutoka hakielezi waliolaza waliificha wapi. Mimi nadhani chini ya kitanda, kwa sababu ndipo Aina B wa mtaani kwetu wanapoweka unga.

Aina C: Mtegemezi Mkumbushaji. Anaomba vizuri, ila kwa maelezo mengi. Humtajia Mungu jina la hospitali, jengo, ghorofa, namba ya kitanda, na upande ambao dirisha limetazama, kana kwamba Mungu ni mkuu wa wilaya aliyehamishiwa hapa jana. Humpa na tarehe ya mwisho. Nilimsikia mmoja akimalizia, "...na kama haiwezekani Jumanne, basi isizidi Jumatano asubuhi." Nilipomwuliza kwa nini anataja ghorofa, alisema lifti ni mbovu.

Aina D: Mtegemezi wa Nadhiri. Kwa huyu nimetunga kanuni, na ningependa iitwe kwa jina langu nikifa: Kanuni ya Kunywea kwa Nadhiri. Thamani ya nadhiri hunywea kadiri homa inavyoshuka. Jirani yangu mmoja, usiku mwanawe alipokuwa anawaka kama jiko, aliweka nadhiri ya ng'ombe. Niliyasikia maneno hayo kupitia ukutani. Alfajiri, mtoto alipotokwa na jasho, ng'ombe alikuwa mbuzi. Adhuhuri mtoto aliomba uji, mbuzi akawa kuku. Juzi, mtoto akicheza mpira na wenzake uwanjani, nilimkuta baba yake gengeni akiulizia bei ya mayai.

Aina E: Mtegemezi kwa Niaba. Hii ndiyo aina iliyoenea kuliko zote, nami nasikitika kwamba Ghazali hakuiona. Mtegemezi kwa Niaba ana tegemeo kubwa mno, ila ni juu ya shida za wengine. Umefiwa: anakwambia mwachie Mungu. Umefukuzwa kazi: ipo siku. Tawi lake moja ni la wadaiwa. Nilimkopesha ndugu mmoja fedha za kulipia pango. Nilipomfuata baada ya mwaka akanikaribisha, akanipa maji, akanishika bega. "Kaka," alisema, "haya mambo ya fedha tumwachie Mungu." Nikatambua kwamba amemfanya Mungu mdhamini wa mkopo bila saini.

Katika maandiko, mfano bora wa Aina E ni rafiki watatu wa Ayubu: Elifazi, Bildadi na Sofari. Walipofika na kumwona amekaa majivuni, walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Kisha wakaanza kufafanua, na sehemu kubwa ya kitabu chenye sura 42 ikajaa ufafanuzi wao na majibu yake, mpaka mwishoni Mungu mwenyewe akasema hawakunena sawasawa. Zile siku saba, kwa kadiri ninavyojua, ni rekodi ya wataalamu kunyamaza mbele ya mwenye shida. Hawakuwa na nadharia, maskini. Wangekuwa na uainishaji kama huu wangeanza kusema siku ya kwanza.

5. Kipimo

Sayansi bila kipimo ni umbea. Kizio cha tegemeo ni subiri. Subiri moja ni muda ambao kikombe cha chai ya rangi, kilichomiminwa kikichemka na kuwekwa kivulini, huchukua kupoa hadi kunyweka bila kupuliza. Mtafitiwa akishatamka tawakalimu, mtafiti humimina chai na kuanza kutazama. Mtafitiwa akichungulia simu, akiinuka kwenda dirishani, au akimwuliza mtu "umesikia chochote?", kipimo kinasimama. Wengi hawafikishi robo subiri. Baadhi huchungulia simu kabla ya kumaliza neno lenyewe, na hao husemwa wana tegemeo hasi.

Mahali pazuri pa kupimia ni korido ya hospitali, kwa kuwa benchi zipo na chai inauzwa getini. Nilipata nafasi hiyo mwaka jana, mama yangu alipopelekwa kuondolewa mtoto wa jicho. Alikuwa akiona ukungu tu kwa miaka miwili. Akitaka kushona alimwita mjukuu amtungie uzi. Tuliambiwa operesheni ni fupi, atakuwa macho wakati wote, jicho litatiwa ganzi, lenzi bandia itawekwa badala ya ile iliyoingia ukungu, na bandeji itafunguliwa kesho yake. Niliyasikia yote hayo kwa masikio ya mtafiti. Nilijipima mwenyewe pale benchini, kwa uaminifu. Sitataja tarakimu. Chai niliinunua mara tatu na sikuinywa.

6. Dokezo kuhusu mtafitiwa mmoja aliyeondolewa

Kanuni za utafiti zinanilazimu kueleza kwa nini mama yangu, ambaye wenzangu wangetarajia kumwona katika jedwali, hayumo.

Asubuhi ile, njiani kuelekea hospitali, alitaka tusimame dukani. Akanunua doti ya kanga, sindano na kifundo cha uzi mweusi. Doti, kama unavyojua, hutoka dukani kanga mbili zikiwa zimeungana. Hukatwa katikati, kisha ncha hupindwa kwa mkono. Akavitia kwenye mkoba wake. Nilimwuliza, kama mtaalamu, kwa nini anunue sindano siku hiyo, hali jicho ndilo hilo linalokwenda kupasuliwa. Hakujibu, alikuwa anauliza kama kuku wamefunguliwa. Nikachukua kanga nimsomee jina lake, maana kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, na mwanamke wa hapa hanunui kanga bila kujua jina.

"Usinisomee," alisema.

Basi. Nilikaa na kalamu mkononi nikingoja inshallah, au hata mguno. Haukuja. Neno "usinisomee" halimo katika orodha ya tawakalimu. Nimeipitia tangu mwanzo hadi mwisho. Huko ndani alikaa muda gani sijui, kwani nilikuwa nimepoteza hesabu ya chai. Alipotoka, bandeji jichoni, alipakata mkoba wake na kulala usingizi kwenye kiti, na mtu aliyelala hapimiki kwa subiri. Hakutamka, hakuguna, hana simu. Kwa kukosekana data, nimemwondoa katika sampuli, na nimewaeleza ndugu zangu sababu zake kwa maandishi.

Bandeji ilifunguliwa asubuhi. Kanga alijisomea mwenyewe, akacheka sana. Jina lake sitaliandika hapa: halikumtaja Mungu hata kidogo, lilikuwa la kumsema jirani. Doti imekwisha kukatwa na kupindwa, uzi ameutunga mwenyewe, na mishono yake imenyooka kuliko chochote kilichowahi kutoka kwa fundi wangu.

7. Zoezi

(a) Eleza, kwa mifano kutoka mtaani kwako, tofauti kati ya Inshallah ya tatu na ya nne. Usimtaje fundi kwa jina.

(b) "Jitihada haiondoi kudura." Jadili urefu wa kamba.

(c) Mimina chai. Jipime. Andika ulichokipata, nawe usidanganye, kwa sababu nitanusa kikombe.

Majibu yaletwe kibarazani kwangu Jumatatu kabla ya adhuhuri. Atakayechelewa hatapokelewa, hata akija na barua ya mzazi. Alama zitatoka Alhamisi, inshallah.